Sauti ya malenga wa zama za Mazrui? Haipo

Hurudi kila baada ya muda kwenye makundi ya WhatsApp ya Mombasa: klipu yenye mikwaruzo, mzee anaghani mashairi, na chini yake maelezo kwamba ni sauti halisi ya malenga wa Mvita (jina la kale la Mombasa), iliyorekodiwa zama za Mazrui, ukoo uliotawala mji huo.

Haiwezekani. Utawala wa Mazrui Mombasa ulikoma 1837. Mashine ya kwanza ya kunasa sauti na kuirudisha ilitengenezwa Marekani 1877, miaka 40 baadaye. Ukiletewa klipu ya aina hii, tafuta mwaka aliofariki mtunzi, uulinganishe na 1877.

Walichoacha malenga wale ni maneno. Yalikaa vichwani mwa watu na kwenye karatasi kwa herufi za Kiarabu, kisha mengi yakakusanywa papa hapa Mombasa mwishoni mwa karne ya 19. Baadhi ya hati hizo sasa ziko London.

Kuchanganyikiwa si ajabu. Mghani wa juzi husoma shairi la kale, kanda hunakiliwa hadi ikakwaruza (siku hizi hata programu za simu huweza kuongeza mikwaruzo), jina lake likapotea njiani, la mtunzi likabaki.

Sikiliza, pengine ni tamu kweli. Ila maelezo hayo usiyasambaze.