Je, wajua? Jinsi matetemeko ya zamani yanavyosaidia kupima hatari ya Bukavu

Jumapili asubuhi, tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ardhi la kipimo 5.9 lilipiga kusini mwa Ziwa Kivu. Kuta zilianguka Bukavu, mashariki mwa Kongo, na ng'ambo ya mto Ruzizi, na watu wengi waliokufa walikuwa upande wa Rwanda. Oktoba 2002 Kalehe ilikuwa imekwisha kutikiswa na tetemeko la 6.2, na Agosti 2015 likaja jingine karibu na Bukavu. Hakuna mtaalamu awezaye kutaja siku ya litakalofuata. Anachoweza ni kukadiria uwezekano wake ndani ya miaka kadhaa, na hesabu hiyo huanzia kwenye daftari la matetemeko: tarehe, saa, kitovu, kina na kipimo cha kila moja.

Daftari halitumiki jinsi lilivyo. Kwanza vipimo vyote hugeuzwa kuwa vya aina moja, kwa sababu mitambo ya zamani ilitumia mizani tofauti. Kazi hii haitaki haraka: ukikosea kwa 0.3 tu, idadi ya matetemeko unayokadiria huongezeka maradufu au hupungua nusu. Kisha huondolewa matetemeko madogo yanayofuata lile kubwa, maana hayo ni matokeo ya tukio moja. Mitikisiko ya volkano, kama ile iliyoisumbua Goma kwa siku nyingi baada ya Nyiragongo kulipuka Mei 2021, huhesabiwa kando, kwani chanzo chake ni magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inayosukuma miamba.

Halafu linakuja swali ambalo, kwa maoni yetu, ndilo zito kuliko yote: daftari limekamilika tangu lini? Kituo cha Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, kilianza kupima matetemeko katika miaka ya 1950. Kabla ya hapo, tetemeko la kipimo 4 lilipita bila kuandikwa popote, ilhali makubwa, kama lile la Rukwa la mwaka 1910, yalinaswa na mitambo ya mbali. Kwa hiyo kila kipimo kina mwaka wake wa kuanza kuaminika.

Tuchukue mfano wa kubuni. Eneo fulani limeandikiwa matetemeko 100 ya kipimo 4 na zaidi katika miaka 50 iliyokamilika, yaani 2 kwa mwaka. Sehemu nyingi duniani, kila kipimo kikipanda kwa 1, idadi hupungua takriban mara kumi. Basi la 5 na zaidi litatarajiwa mara moja kila miaka 5, na la 6 na zaidi kila miaka 50. Uwezekano wa kupata angalau moja la 6 ndani ya miaka 30 ni kama asilimia 45. Sasa mtu agawanye yale yale 100 kwa miaka 120, akidhani ukimya wa zamani ulikuwa utulivu: la 6 litaonekana kuja kila miaka 120, na uwezekano utashuka hadi asilimia 22. Hatari imepunguzwa nusu kwenye karatasi, ardhi ni ile ile.

Tena, "kila miaka 50" ni wastani. Mawili yanaweza kufuatana, au ikapita miaka 90 bila hata moja. Viwango vingi vya ujenzi hutumia mtikisiko wenye uwezekano wa asilimia 10 kuzidiwa ndani ya miaka 50, ambao kwa wastani huzidiwa mara moja kila miaka 475. Daftari letu la mitambo ya hapa halijafika hata miaka 100. Ndiyo sababu wanajiolojia huchunguza pia nyufa za ardhi zenyewe na matope ya chini ya ziwa, ambako matetemeko ya kale huacha alama.

Mwisho huhesabiwa jinsi mtikisiko unavyofifia kwa umbali na jinsi udongo unavyoukuza. Hapa ramani ya mkoa mzima haitoshi. Kule Funu, Kadutu, mjini Bukavu, mteremko wenyewe huteleza hata bila tetemeko. Kabla ya kujenga sehemu kama hiyo, mwache fundi apime udongo kwanza. Ukishapata kiwanja kinachofaa, usiache matofali yasimame peke yake: funga kuta zote kwa mkanda wa zege wenye nondo, uzunguke nyumba nzima bila kukatika kwenye pembe.