"Had" si ya jana

Wiki hii nimeisikia mara ya tatu: "Mwalimu, 'had' ni wakati uliopita, kwa hiyo 'If I had money' ni habari ya zamani." Nafundisha Kiingereza jioni hapa Katwe, Kampala, na wanafunzi wangu wengi wametoka Kongo na Kiswahili chao. Mmoja, fundi cherehani hodari, aliulizwa kwenye usaili: "If you had two million shillings, what would you do?" Akaeleza kwamba mwaka jana hakuwa na milioni mbili. Kazi akaikosa.

"Had" hapo haisemi jana. Inasema pesa hazipo, tunawaza tu. Mbona "Ningekuwa na pesa, ningenunua pikipiki" haitusumbui? Tafuta -li- humo, huioni. Kazi ya -nge- ni kuliweka jambo mbali na hali halisi, si kutaja siku. Kiingereza hakina -nge-, kwa hiyo kimeazima umbo la wakati uliopita. Ndiyo maana hata kesho inaingia: "If you came tomorrow, you would find him."

Ukiitaka jana yenyewe, rudi hatua moja nyuma: "If I had had money, I would have bought it." Hizo "had" mbili si kosa la chapa. Ndiyo -ngali- yetu: ningalikuwa na pesa, ningalinunua. Mtaani tumeiacha -ngali-, -nge- inabeba yote, na nashuku mkanganyiko unaanzia hapo. Kwangu, kila sentensi ya "if" huandikwa kwanza kwa Kiswahili, -ki-, -nge- au -ngali- ikipigiwa mstari. Wananung'unika, lakini wanaandika.

Wengine huona -nge- iko pande zote mbili, wakaweka "would" pande zote: "If I would have money." Masikio yananiuma! "Would" ikae kwenye matokeo. Na "If it will rain tomorrow"? Sema "If it rains". Hata "mvua ikinyesha kesho" haina -ta-. Kuhusu "If I was", mtihani hupenda "were", ila Waingereza wenyewe wakipiga soga husema "was". Sipotezi chaki hapo.

Halafu kuna wanaoapa kwamba aina hizi za sentensi za "if" hazichanganyiki, kwamba ya jana haiwezi kukaa na ya sasa. Jumanne yule fundi aliniletea daftari, ameandika: "If I had understood the question, I would be working there now." Nikampa alama zote.