Mashimo 31 ya bao na namba tasa ya Euler

Bao la barazani hapa Lamu lina mashimo 32 na kete 64. Weka kete 1 shimo la kwanza, 2 la pili, 4 la tatu, uendelee hivyo maradufu. Baada ya shimo la sita umebakiwa na kete moja mkononi. Lakini tuseme kete haziishi: ukijaza mashimo 31 ukaacha moja tupu, jumla ni 2147483647, yaani 2³¹ − 1. Waandishi wa programu mnaijua. Ndiyo namba kubwa kuliko zote katika nafasi ya biti 32 (tarakimu za 0 au 1), biti moja ikitengwa kwa alama ya hasi.

Wanafunzi wangu huiona kama mpaka wa kompyuta tu, basi. Kinachonivutia mimi ni kwamba ni namba tasa, na mwanahisabati Leonhard Euler alikwisha kuthibitisha hilo kufikia 1772, kwa kalamu na karatasi.

Mtafuta kigawo hana haja ya kuvuka kipeuo cha pili, ambacho hapa ni 46340 na ushei. Hata hivyo, chini yake kuna namba tasa zaidi ya 4,700. Nani ana subira hiyo?

Utamu uko hapa. Tuseme q ni namba tasa inayoigawa namba yetu. Basi 2³¹ ukiigawa kwa q inabaki 1. Mwanahisabati Fermat naye alionyesha kwamba 2 kwa kipeo cha q − 1, ukiigawa kwa q, hubakisha 1. Kipeo kidogo kuliko vyote kinachobakisha 1 huvigawa vingine vyote vya namna hiyo; kwa kuwa 31 yenyewe ni tasa, kipeo hicho ni 31, nayo lazima iigawe q − 1. Na q ni witiri, hivyo q − 1 ni kigawe cha 62. Tena, 2³², ambayo ni mraba wa 2¹⁶, ukiigawa kwa q inabakisha 2, ndiyo kusema 2 ina kipeuo cha pili miongoni mwa mabaki ya kugawa kwa q, jambo linalowezekana pale tu q ikigawanywa kwa 8 inapobakisha 1 au 7. Unganisha masharti hayo, zinasalia aina mbili: 248n + 1 na 248n + 63. Ukianza na n = 1, zilizo chini ya 46341 ni 372, na nyingi si tasa. Euler alizipitia zilizo tasa. Hakuna hata moja iliyogawa bila baki.

Matumizi? Yapo. Chagua namba yoyote kuanzia 1 hadi 2147483646, izidishe kwa 16807, chukua baki baada ya kugawa kwa 2147483647, rudia: utazipitia namba hizo zote 2147483646 kabla ya kurudi ulipoanzia. Programu nyingi zimepata namba zao za nasibu hivyo, na isingekuwa tasa mzunguko huo usingekamilika.

Sasa, 2⁵ − 1 ni 31, tasa. 2³¹ − 1, tasa. Je, 2 kwa kipeo cha 2147483647, toa 1? Hiyo ina tarakimu zaidi ya milioni 646, na si tasa: inagawika kwa 295257526626031. Toa 1 kwenye kigawo hicho, unapata 2147483647 × 137490. Kigawe kizuri cha shufwa. Kigawo chenyewe ukikigawanya kwa 8, inabaki 7, sawasawa na masharti yale yale.