Kilele cha Mafuta: Utabiri na Mapipa Yaliyochimbwa

Swali tunaloulizwa mara nyingi na wavuvi wa mwalo wa Kibirizi, Kigoma, ni hili: ikiwa wataalamu walisema uchimbaji wa mafuta utafika kileleni kisha upungue, mbona petroli ya injini za mitumbwi bado ipo? Jibu linaanzia mwaka 1956, pale mjiolojia M. King Hubbert alipotoa makadirio mawili kuhusu Marekani. Ikiwa mafuta yote ya nchi hiyo ni mapipa bilioni 150, kilele kingefika karibu 1965. Ikiwa ni bilioni 200, karibu 1970. Kilele kilikuja kweli mwaka 1970, kwa takriban mapipa milioni 9.6 kwa siku, na kufikia 2008 uchimbaji ulikuwa umeshuka hadi milioni 5 hivi.

Wanaomsifu Hubbert huishia hapo. Kwa dunia nzima, hata hivyo, alikadiria kilele cha mapipa bilioni 12.5 kwa mwaka karibu na 2000, ilhali mwaka huo dunia ilichimba takriban maradufu ya kiasi hicho. Marekani nako, bei zilipopanda, wachimbaji walianza kutoboa visima vya mlalo na kupasua miamba kwa maji yenye shinikizo kubwa, na mwaka 2018 rekodi ya 1970 ikavukwa. Hesabu zenyewe hazikuwa mbovu. Tatizo ni kwamba akiba ilichukuliwa kama gunia lililokwisha kushonwa mdomo, wakati kiasi kinachofaa kuchimbwa hubadilika kwa bei na zana.

Hata hivyo, si haki kuwacheka watabiri wote. Wataalamu wa mafuta Colin Campbell na Jean Laherrère, walioandika mwaka 1998 kwamba uzalishaji ungeanza kushuka kabla ya 2010, walikuwa wakizungumzia mafuta ya kawaida tu, yaani yanayotiririka kisimani bila kupasua miamba, na hayo hayajaongezeka sana tangu katikati ya miaka ya 2000. Kuwapinga kwa jumla inayochanganya mafuta ya miamba iliyopasuliwa, mafuta mazito yanayotolewa kwenye mchanga wa Kanada na vimiminika vinavyotoka pamoja na gesi asilia ni kulinganisha debe la dagaa wabichi na debe la dagaa wakavu.

Siku hizi wengi wanaotaja kilele humaanisha kilele cha mahitaji, jambo ambalo mvuvi wa Kibirizi amekwisha kuliona kwa kiasi chake: taa za betri na sola zimeziondoa karabai mitumbwini, na mafuta ya taa yakapungua kununuliwa kabla hayajaisha ardhini.