Damu uliyoongezewa miaka 40 iliyopita yawezaje kuliumiza ini leo?

Je, wajua kwamba mtu anaweza kuongezewa damu akiwa kijana, akalea watoto hadi wakajitegemea, ndipo aambiwe ini lake limejaa makovu? Uingereza wapo wengi. Kule damu ya wachangiaji ilianza kupimwa virusi vya homa ya ini C Septemba 1991, kwani virusi vyenyewe vilikuwa vimetambuliwa mwaka 1989 tu. Kabla ya hapo, kina mama waliotokwa damu nyingi wakijifungua, majeruhi wa ajali na wenye hemofilia (ugonjwa wa damu kutoganda vizuri) waliambukizwa hospitalini pasipo kujua.

Ini huumia kimyakimya. Ndani yake halina neva za maumivu, na sehemu iliyo nzima huibeba kazi ya iliyoharibika. Virusi vikishaingia kwenye seli zake, kinga ya mwili huvishambulia, na mashambulizi hayo ndiyo hasa yanayoziua seli. Panapokufa seli, mwili hupaziba kwa kolajeni, ambayo ndiyo kovu. Mwaka baada ya mwaka makovu huungana, ini likawa gumu lenye vinundu, na damu itokayo utumbo ikakosa njia nzuri ya kulipitia. Hapo ni sirosisi, na dalili ya kwanza huenda ikawa tumbo kujaa maji au kutapika damu. Si wote wanaofika huko: kati ya wenye maambukizi sugu, ni asilimia 15 hadi 30 ndani ya miaka 20. Pombe huiharakisha safari hiyo mno.

Siku hizi vipo vidonge vinavyoponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa kwa wiki 8 hadi 12. Ni neema kubwa, ila ina mtego: aliyeambiwa virusi vimekwisha huona hana haja ya kliniki tena. Kuondoka kwa virusi hakufuti makovu papo hapo. Mengine hupungua taratibu, lakini aliyekwisha kupata sirosisi bado yumo hatarini kupata saratani ya ini, na anapaswa kupigwa altrasaundi kila baada ya miezi 6. Tafadhali asiache, hata akijisikia mzima kabisa.

Kipimo cha kingamwili, yaani protini ambazo mwili huunda kupambana na virusi, nacho huendelea kuonyesha chanya kwa miaka mingi baada ya kupona, na wengi hushtuka. Kinachoonyesha kama virusi vimo mwilini ni kipimo cha RNA, yaani vinasaba vya virusi vyenyewe, na hicho ndicho cha kukiulizia.