Je, wajua kwa nini uwanja wa sarakasi huwa wa duara?

Mtazame dereva wa bodaboda anapokata kona kwa kasi. Analaza pikipiki upande wa ndani, na abiria aliyezoea analala naye. Hawaanguki. Siri hiyohiyo ndiyo iliyozaa sarakasi ya kisasa, na aliyeigeuza kuwa kazi ya maisha ni Mwingereza Philip Astley.

Alizaliwa mwaka 1742 huko Newcastle-under-Lyme, baba yake fundi wa samani. Yeye roho yake ilikuwa kwenye farasi. Akaingia jeshini, kikosi cha wapanda farasi, akapigana Vita vya Miaka Saba na kupanda hadi sajini meja.

Mwaka 1768 alifungua uwanja London, kusini mwa mto Thames. Asubuhi alifundisha watu kupanda farasi. Mchana akawaonyesha ufundi wake, amesimama wima mgongoni mwa farasi anayekimbia. Hakuwa wa kwanza kuzunguka na farasi, lakini aliung'ang'ania mduara. Kwenye njia iliyonyooka, ukipepesa jicho farasi keshapita. Kwenye mduara anarudi mbele yako tena na tena.

Halafu kuna ile siri ya kona. Farasi akizunguka kwa mwendo usiobadilika, huinama kidogo kuelekea katikati. Aliyesimama juu yake akiinama vilevile, msukumo wa kona na uzito wake vinaungana kumkandamiza nyayo mgongoni mwa farasi, badala ya kumrusha nje. Mduara ukiwa mdogo mno farasi anabanwa; ukiwa mkubwa mno msukumo unafifia. Astley alijaribu vipimo mbalimbali hadi akatulia kwenye futi 42, karibu mita 13. Ndicho kipimo kinachotumika hadi leo katika sarakasi nyingi duniani, na kwangu hilo ni jambo la kumvulia kofia.

Kuanzia 1770 aliongeza wanasarakasi, watembea juu ya kamba na wachekeshaji, ili watu wasichoke kati ya onyesho moja la farasi na lingine. Akavuka hadi Paris. Jengo lake la London liliungua 1794, likaungua tena 1803. Mara zote mbili akajenga upya. Alifariki Paris mwaka 1814.

Jina lenyewe, hata hivyo, si lake. Mwaka 1782 Charles Hughes, aliyewahi kumfanyia kazi, alishirikiana na mtunzi wa nyimbo Charles Dibdin kufungua ukumbi wa ushindani jirani, wakauita Royal Circus. Hilo circus, lililotufikia sisi kama sarakasi, kwa Kilatini ni duara.