Mafuta ya karafuu yanazama, na ndo maana tungule zako zimeungua

Hii ni simu ya nne mwezi huu. Mama mmoja wa Mwera, mkulima mzuri tu, ana matuta kumi na mbili ya tungule (nyanya), vidukari wamemuingilia, kasikia kwa jirani kwamba mafuta ya karafuu ndo kiboko ya wadudu, kachukua chupa nzima ya mililita (mil) 100 kaimimina kwenye bomba la mgongoni lenye maji lita 10, katikisa, kapuliza. Asubuhi matuta matatu ya mwanzo majani yamebabuka kama yamepitiwa na moto. Ya katikati je? Vidukari wapo palepale wananyonya. Ananiuliza kwa masikitiko kabisa, "Bwana shamba, si kitu cha asili hiki, kinaunguzaje?"

Hilo swali nimelijibu mpaka nimechoka, na kinachoniuma ni kwamba watu wanapoteza mazao kwa kitu ambacho kingewasaidia.

Hapa Unguja nani hajawahi kuwekewa mafuta ya karafuu kwenye jino bovu? Yakigusa fizi unasikiaje? Basi kinachokuwasha ndo hichohicho, inaitwa yujenoli, na ndo sehemu kubwa ya yale mafuta. Hiyo ndo inayomvuruga mdudu mishipa ya fahamu, na hiyohiyo ndo inayopasua seli za jani. Kule Marekani kuna dawa za kuua magugu ambazo kiungo chake kikuu ni mafuta ya karafuu, dawa ya magugu jamani! Kwa hiyo ukizidisha kipimo hujaongeza ukali kwa wadudu, umepuliza dawa ya magugu kwenye tungule zako.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho hakuna anayetaka kunisikiliza. Mafuta na maji havichanganyiki, hilo kila anayepika anajua, lakini akishika bomba anasahau, anadhani kutikisa kunatosha. Hakutoshi. Ukiacha kutikisa tu yanajitenga, na mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji kwa hiyo hayaelei, yanazama chini. Na mrija wa bomba unanyonya wapi? Chini. Yani tuta la kwanza linapata mafuta karibu matupu, linababuka, halafu huku katikati unapuliza maji yenye harufu nzuri na vidukari wanaendelea na maisha yao. Mafuta ya mchaichai ni kinyume chake, yenyewe mepesi yanaelea, kwa hiyo yanatoka mwishoni na matuta ya mwisho ndo yanaungua. Ukiniambia matuta gani yameungua naweza kukuambia umetumia mafuta gani kabla hujanitajia.

Dawa yake ni sabuni. Weka mil 5 za sabuni ya maji kwa kila lita moja ya maji, mimi napenda sabuni ya mche iliyokunwa na kuyeyushwa, zile kali za kuondoa grisi ziache. Anza na sabuni na mafuta peke yao kwenye kikombe, koroga, halafu ongeza maji ya vuguvugu kidogo kidogo huku unakoroga mpaka iwe nyeupe kama tui. Ukiona tui hapo umefanikiwa, ukiona matone yanaogelea hujafanikiwa, rudia usipulize. Ndo unamimina kwenye bomba lenye maji. Na kama tui linavyokatika na hili linakatika, kwa hiyo kila ukimaliza tuta tikisa, na ukibakisa usiweke kwa ajili ya kesho.

Kipimo changu cha kuanzia kwa karafuu ni mil 2 kwa lita, basi. Nunua bomba la sindano famasi, mambo ya "kifuniko kimoja" au "kadiri ya jicho" ndo yanatufikisha hapa. Puliza miche miwili, subiri siku mbili, majani yakiwa salama endelea. Jioni, sio saa sita jua la utosi. Na geuza majani, vidukari na nzi weupe wanakaa chini ya jani, na haya mafuta yanaua kwa kugusa. Usipomgusa hajafa.

Na hapa niseme kitu ambacho kwenye semina huwa hatukisemi. Sabuni yenyewe inaua vidukari. Nimewahi kugawa matuta, nusu sabuni tupu nusu sabuni na karafuu, na kwa vidukari kusema kweli tofauti sikuiona. Kwa utitiri wekundu niliona kidogo, ila sikurudia mara za kutosha kukuapia. Kwa hiyo mkulima mwenye vidukari tu na hana hela ya mafuta mimi namwambia aanze na sabuni, wenzangu wengine wanakasirika lakini ndo ukweli wangu.

Kwa kantangaze, yule mdudu wa tungule, mafuta haya sahau. Yule kiwavi yuko ndani ya jani anachimba, tone lako limekaa juu, mtakutana wapi? Huyo dawa yake ni mitego ya feromoni (harufu inayomvuta dume) na kuondoa majani yaliyoathirika mapema.

Kingine, haya ni mafuta ya kukenekwa, yanatoka kwa mvuke na yanapotea hewani, kesho yake hamna kitu pale. Mayai ya wadudu hayajaguswa. Ndo maana unarudia kila baada ya siku nne au tano, na ndo maana mwarobaini usiuweke kundi moja na karafuu kama watu wanavyofanya. Mafuta ya mwarobaini yanakamuliwa kwenye mbegu, yana mnato, hayapotei hivyo, na kazi yake kubwa ni kumkatisha mdudu hamu ya kula na kumharibia ukuaji, kwa hiyo anakufa polepole. Watu wanapuliza mwarobaini leo, kesho wanasema feki.

Ila feki zipo, hasa za karafuu zilizochanganywa na mafuta ya kupikia. Tone moja kwenye karatasi nyeupe, liache mpaka kesho. Likibaki doa la mafuta linalong'aa kama karatasi ya maandazi, umeuziwa mafuta ya kupikia.

Nyuki nao, usipulize maua yakiwa yamechanua na nyuki wapo kazini. Wale wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi pia wanakufa, na hao wanakula vidukari bure bila kukudai. Ukiwaona wengi kwenye tuta, bomba liache nyumbani wiki hiyo. Paka wa nyumbani mtoe shambani mpaka pakauke, ini lake haliwezi kuyasafisha haya mafuta kama letu.

Na ukimaliza osha bomba kwa maji ya sabuni siku hiyohiyo, la sivyo zile pete za mpira za ndani (washa) zitavimba. Maji ya kuoshea yamwage mbali na bwawa la samaki, wafugaji wa samaki wanatumia mafuta ya karafuu kuwalaza usingizi wakati wa kuwapima, matone machache tu kwenye ndoo, na kipimo kikizidi hawaamki.